Chumvi Ndani ya Kamio ya Muzee Ramazani

Nyinyi vijana wa garaji za Kasongo, najua munacheka mukiniona napita nikigonga gari za watu kwa kidole. Juzi mumoja wenu alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie, kwamba muzee huyu anabisha hodi kwenye gari kama vile kuna mutu ndani. Sikukasirika. Kweli ninabisha hodi, na mara nyingi anayeitika ni kutu.

Basi leo muzime hiyo muziki kidogo, mukae hapo kwenye matairi. Kazi ya tole, kunyoosha na kuziba bati za gari, nimeiacha, mabega hayataki tena nyundo, lakini mudomo ungali mzima.

Ninyi munapenda sana mastiki. Gari ikitoboka, munapaka mastiki, munasugua, munapiga rangi, mwenye gari anajiona kwenye mulango kama kwenye kioo, anafurahi, anaondoka. Mvua ya kwanza tu, anarudi na mastiki yake mukononi. Kutu ukiiona nje, ujue ndani imekula zamani ikashiba. Inaanzia pale maji yanapolala: chini ya mulango, kwenye pembe za sakafu, chini ya kioo cha mbele. Waliotengeneza kamio, hizi gari kubwa za mizigo, waliacha vitundu chini ya mulango ili maji yatoke. Sisi huku tunaviziba kwa udongo ili vumbi ya barabara isiingie, halafu tunashangaa mulango unaoza. Maisha yangu yote nimevifungua vitundu vile kwa musumari, na wenye gari wako nyuma yangu wanaviziba tena. Hata leo ukinipa mulango, kitu cha kwanza nitakachofanya ni kutafuta vile vitundu.

Aliyenifundisha ni Fundi Yusufu, mutu wa Nyangwe. Kabla ya kugusa gari alikuwa anaziba mitumbwi, na ile akili ya mitumbwi hakuiacha. Alisema gari na mutumbwi adui yao ni mumoja, ni maji. Alikuwa anachemsha utomvu wa miti pamoja na mafuta ya mawese kidogo, anaupaka moto-moto kwenye maungio ya tole, na maji hayapiti. Watu wa muji waliokuwa na vitu vya madukani walimucheka. Gari zake zingine zinatembea mpaka leo.

Yusufu hakujua kusifu. Kazi yako ikiwa mbaya, alikuita kwa jina lako lote na jina la baba yako. Ikiwa nzuri, aliguna, akaomba chai. Mimi nilifanya kazi miaka mingi kwa ajili ya ile kuguna tu. Na yeye pia alikosea, musifikiri alikuwa malaika. Kuna wakati alipiga kamio ya mufanyabiashara mumoja rangi nyeupe safi, jioni ya mvua za kwanza, akaiacha uwanjani ikauke. Kumbikumbi wakatoka. Wale wadudu wanapenda kitu cheupe kupita sisi! Asubuhi kamio yote imeota mabawa. Mwenye kamio alikuja, akaizunguka, akaenda zake. Watoto wa kule nyuma ya soko wakaanza kubandua kumbikumbi na kuwala pamoja na rangi, tukawafukuza na fagio. Tangu siku ile, kabla ya kupiga rangi Yusufu alitazama juu kwanza, halafu alitazama kalenda. Nami ninatazama.

Mungu amupumzishe. Kila kitu mikono yangu inachokijua kilipitia kwenye mikono yake.

Sasa niwaelezee kazi yangu ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya niwaite hapa.

Nilikuwa nimeshaweka nyundo chini wakati kijana mumoja wa moto, dereva wa pikipiki, aliponiletea ujumbe kutoka Lusangi. Muzee Ramazani, ambaye zamani alikuwa dereva na mwenye kamio, aliomba nifike nimutengenezee bodi ya gari yake hukohuko nyumbani, kwa sababu haikuweza kutoka. Nikamwambia yule kijana kwamba mimi sifanyi tena, waende watafute vijana. Muke wangu Veronika alikuwa pembeni anapepeta muchele. Akasimamisha lungo, akauliza ni Ramazani yupi. Nikasema yule wa kamio ya pua ndefu. Akauliza kama muke wake anaitwa Mwamini. Kijana akasema ndiye.

"Baba Odile, utaenda," Veronika aliniambia. "Na usirudi kabla ile gari haijatembea. Mimi na watoto wako tulikula chumvi ya yule mama."

Wakati wa vita mimi nilikwama ng'ambo ya muto Lualaba, na Veronika alikimbia na watoto mpaka kwenye mapori ya Lusangi. Huko porini mihogo ilikuwako, sombe ya majani yake ilikuwako, samaki kidogo pia. Chumvi ndiyo haikuwako. Watu walichoma majani ya kwenye matope, wakachuja majivu, wakapata kitu kichungu cha kutia kwenye chungu. Watoto wetu wakaanza kukataa chakula, wakalegea. Halafu mama mumoja ambaye hakuwajua, Muislamu, akawapa chumvi iliyofungwa kwenye jani la mugomba. Ikiisha, wakirudi, anawapa tena. Hakuuliza ni watoto wa nani wala wanasali wapi. Veronika alinihadithia mambo hayo tangu zamani, lakini jina la mama lilinitoka, vile wanaume tunavyosikiliza wake zetu. Nikafunga nyundo zangu, makasi ya tole na mufuko wa riveti, ile misumari ya kushonea tole, nikapanda moto.

Nilipofika Lusangi nilitafuta kamio kwa macho, sikuiona. Muzee Ramazani, anayetembea na fimbo, akanionyesha nyumba ya udongo nyuma ya kiwanja, paa la nyasi, haina dirisha. Akasema iko mule.

Vita ilipokaribia, watu wa bunduki walikuwa wanachukua kamio pamoja na madereva wake. Ramazani akatoa magurudumu, akaishusha gari juu ya magogo, akafungua pompi ya mafuta akaizika ndani ya bidoni, dumu moja lililojaa mawese. Kisha yeye na Mwamini wakajenga nyumba kuizunguka kamio, kuta za udongo zimeikumbatia kabisa, na nyasi juu. Yeye mwenyewe akakimbia, kwa sababu madereva walikuwa wanatafutwa kwa majina. Mwamini akabaki na watoto wadogo. Alifunga mbuzi mbele ya ile nyumba ili inuke. Watu wa bunduki walipita na kupita, wakaona zizi.

Ndani ya kabini, upande wa abiria, akaweka magunia ya chumvi ambayo mume wake alikuwa ameileta katika safari yake ya mwisho. Akayalaza juu ya sakafu, juu yake mukeka. Ile ndiyo ilikuwa chumvi aliyowagawia watu kidogokidogo mpaka ikaisha. Lakini chumvi inavuta maji. Ilitiririka chini ya magunia, ikaingia kwenye maungio, na kile isichokula yenyewe ilikiachia kutu.

Vita ilipopoa Ramazani alirudi. Akapanua lile tundu ambalo Mwamini alipitia kuchota chumvi, akafungua mulango wa kabini, akatazama sakafu. Akaufunga tena. Hakugomba, hakuuliza, na hakuingia mule tena kwa miaka. Mwamini ndiye aliyenieleza hayo, mume wake akiwa amekwenda musikitini. Aliniambia ni heri angegombezwa mara moja ikaisha.

Na sasa wakati ulikuwa unawabana. Mutoto wao mukubwa, Sefu, anaishi Kindu. Si mutoto mubaya. Aliona wazazi wamezeeka na gari imeoza, akapatana na watu wanaonunua vyuma waje na misumeno mupunga ukishavunwa. Alikuwa hata anatania kwamba mama yake aliitia kamio chumvi akasahau kuipika. Watu wote walicheka, na Mwamini alicheka pamoja nao, halafu akaingia jikoni. Baba na mutoto walikubaliana neno moja: kamio ikitoka kiwanjani kwa magurudumu yake, inabaki. Isipotoka, inakatwa.

"Fundi, uniambie kweli," Mwamini aliniuliza. "Ni mimi niliyeiua?"

Nikamwambia angoje nibishe hodi kwanza.

Tukabomoa ukuta mumoja. Nikaanza kugonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele kwenda nyuma. Tole nzima inalia, tole iliyooza inanyamaza, na inayodanganya inatoa sauti ya muhogo mubichi. Shasi ililia vizuri kabisa. Zamani Ramazani alikuwa anaipaka mafuta machafu ya injini, na yale mafuta yaliilinda. Kuta za chini za bodi, pale udongo ulipogusa, zilivunjika kwa vidole. Sakafu ya upande wa abiria, nilipoisukuma, mukono ulipita mpaka bega nikashika ardhi. Nikamwambia Mwamini kwamba haijafa, iko na kidonda kikubwa tu. Akakaa chini palepale kwenye udongo uliobomoka, akajifuta uso na kitenge.

Musikie vizuri sasa, hii ndiyo kazi. Mahali chumvi imekaa usipige kiraka kwanza. Ukifunika chumvi, itaendelea kula chini ya kiraka chako na wewe umelala nyumbani. Kata tole yote iliyooza mpaka ufike kwenye ile inayolia, usiihurumie. Sugua kwa kipande cha tofali na muchanga. Halafu uoshe kwa maji ya moto, tena na tena, hasa kwenye maungio. Lakini utajuaje chumvi imeisha? Yusufu alichovya kidole kwenye maji yanayodondoka, akayaonja, akatema. Mimi nilijaribu, lakini ulimi wangu umeharibiwa na tumbako, hausikii tena. Mwamini akaniambia nimwachie yeye. Alikuwa anakinga maji chini ya kabini kwa kikombe, anaonja, anatema, anatikisa kichwa, anarudi motoni kuchukua sufuria nyingine. Yeye ndiye aliyesema bado, na yeye ndiye aliyesema sasa basi. Katika kazi zangu zote sikupata kipimo kizuri kama ulimi wa mama yule.

Tukakausha kwa makaa ndani ya karai, chini ya sakafu. Nilitaka nipake mafuta palepale, lakini mafuta machafu yalikuwa yanakuja kutoka Kasongo na moto ikaharibika njiani. Mvua ikatangulia. Nyasi za paa zilikuwa zimetobolewa na kazi yetu, maji yakaingia, na asubuhi chuma chote tulichosafisha kilikuwa chekundu kama mawese. Kutu mupya, ndogo, lakini ni kutu. Nilitukana mvua, nikaitukana ile moto, nikamutukana hata mutu aliyevumbua maji. Mashambani watu walikuwa wanamalizia kuvuna.

Mwamini alichukua sufuria. Aliwasha moto, akatia maji. Nikachukua tofali, nikaanza upya. Baadaye kidogo nikasikia tofali lingine linasugua upande wa pili. Muzee Ramazani alikuwa ameweka fimbo yake chini, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anasugua sakafu ya gari yake. Muke wake alipoleta maji alisimama kumutazama. Muzee alipokea sufuria, akamwaga, akaendelea. Tulifanya kazi vile mpaka adhuhuri, watu watatu wazee.

Viraka nilivikata kutoka kwenye pipa la mafuta. Kipimo ni ganda kavu la mugomba: unalikandamiza kwenye tundu, linashika umbo, unalikata, halafu unalilaza juu ya tole na kuchora. Karatasi inachanika, ganda la mugomba halichaniki. Shoti ya umeme, yaani kuchomelea, ingetoboa tole nyembamba ile, kwa hiyo nilipiga riveti, moja karibu na nyingine, kama mushono wa kiatu. Kwenye maungio nikapaka utomvu wa Yusufu, na chini nikapaka mafuta machafu, maana mwishowe yalifika. Nikafungua vitundu vyote vya milango. Rangi ndiyo ilipungua. Katekista wa parokia alikuwa na kopo la bluu lililobaki kwenye milango ya kanisa, akanipa. Ramazani aliitazama, akasema basi kamio yake itakuwa ya kwanza kubatizwa Lusangi. Nilitazama juu kwanza, kumbikumbi hawakuwako, nikapaka.

Injini aliishughulikia yeye mwenyewe, ameinama ndani ya pua ya gari, fimbo imening'inia kwenye mukono. Pompi ilitoka kwenye mawese yake safi kama siku ile ilipozikwa. Matairi alituazima mufanyabiashara mumoja wa Kabambare, kule alikozaliwa Mwamini; alikuwa na mupunga wa kubeba na hana gari.

Sefu alifika na wale watu wa misumeno siku tuliyokuwa tunabomoa ukuta wa mbele. Alimwamkia baba yake, akaniamkia, akaizunguka kamio. Akagonga kiraka. Akasema kwa heshima kwamba kazi ni nzuri, lakini hii ni pipa lililoshonwa, na barabara ya huku anaijua. Pale mama alipoweka chumvi pataachia tu, alisema. Mwamini alikuwa mulangoni pa jikoni. Akageuka kuingia ndani.

Ramazani akamwita.

"Mama Sefu, njoo hapa. Mutoto naye asikie. Mimi nilikimbia, wewe ulibaki. Siku nilipofungua ule mulango nikaona sakafu, nilijua watu walikula nini na mimi sikuwako. Ningesema nini? Nilikuwa na haya, ndiyo maana nilinyamaza."

Mwamini alikuja mpaka karibu yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye miaka yote alidhani ni hasira.

"Hasira ya nini?" Ramazani alisema. "Panda mbele."

Ninyi watoto wa leo hamujui, lakini katika kamio zile kiti cha mbele kilikuwa cha mwenye muzigo, au cha mutu wa serikali. Muke wa dereva alipanda juu ya magunia pamoja na kuku. Mwamini hakuwahi kukaa kile kiti hata mara moja. Alipanda kingazi, akashika mulango, akainua muguu, na muguu ukabaki hewani. Alinigeukia.

"Fundi, itanibeba?"

Nikamwambia aikanyage kwa nguvu zake zote, ikivunjika nitakula riveti zangu.

Alivua kandambili. Akashusha muguu mumoja, taratibu, kama mutu anayejaribu maji ya muto. Halafu wa pili. Kisha yule mama, bibi wa wajukuu, akashika dashibodi akaikanyaga ile sakafu, akaikanyaga tena, akatwanga kwa miguu yote miwili mpaka kamio nzima ikatikisika, na machozi yanamushuka na anacheka. Tole ililia. Ilikuwa sauti ya tole nzima, na kila mutu kwenye kiwanja aliisikia. Sefu aliisikia pia. Akawaendea wale watu wa misumeno, akazungumza nao chini kwa chini, wakaanza kufunga vyombo vyao.

Ramazani akapanda upande wake, tukamusukumia muguu mubaya. Injini ilikohoa, ikakohoa, ikashika. Sefu akaruka nyuma, akakaa pale pa mizigo ambapo mama yake alikaa zamani. Mimi nilisimama karibu na mulango, mikono bado ya bluu, nikiwashukuru Veronika aliyenituma na Yusufu aliyenigombeza.

Ramazani aliweka mukono kwenye vitesi, kile chuma cha gia, akamugeukia muke wake, akamuuliza vile madereva wanavyomuuliza patro wao, yule mwenye muzigo:

"Patro, tunaenda wapi?"

Mwamini alijifuta macho, akaweka miguu yake sawasawa pale chini, akakaa vizuri.

"Kabambare," alisema. "Kwetu."